Kupima ubora wa anga la usiku, Antaktika na huku kwetu Kigoma na Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi, walimu wa fizikia na wenye darubini ndogo wa Kigoma, Ujiji, Tabora mjini, Urambo na Sikonge. Wengi wamesikia kwamba anga bora kuliko yote duniani liko Antaktika, nao wanataka kujua la kwetu limesimama wapi. Saa zilizotajwa ni za Kiswahili, kwa majira ya Tanzania.

Anga "bora" ni anga lenye giza, au kuna jambo jingine?

Kuna mambo manne, na hayategemeani. La kwanza ni giza: mwanga kiasi gani unatoka kwenye anga tupu, katikati ya nyota. La pili ni utulivu wa hewa: nyota inabaki nukta au inatanuka na kucheza. La tatu ni uwazi: hewa inakula sehemu gani ya mwanga wa nyota kwa vumbi, moshi na mvuke wa maji. La nne ni idadi ya saa safi, yaani usiku mngapi kwa mwaka hauna mawingu.

Mahali panaweza kuwa na giza zuri na hewa mbovu, au kinyume chake. Mtu akikwambia "anga letu ni la daraja la kwanza", muulize ni la kwanza kwa lipi kati ya hayo manne.

Kwa nini wanaastronomia wapeleke vifaa Antaktika, kwenye baridi ya namna ile?

Giza si sababu kubwa. Sababu kubwa ni ukavu, utulivu na usiku mrefu usiokatika. Uwanda wa barafu wa ndani ya bara lile uko juu sana: Ncha ya Kusini ni mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, Dome C (kilele cha barafu palipo kituo cha Concordia cha Ufaransa na Italia) ni mita 3,233, Dome Fuji ya Wajapani ni 3,810, na Dome A, penye kituo cha Kunlun cha China, ni karibu mita 4,090. Hewa ya juu hivyo, yenye baridi inayofika nyuzi 60 chini ya sifuri na zaidi wakati wa majira ya baridi, haiwezi kubeba mvuke. Ukikusanya mvuke wote ulio juu ya Dome C na kuugeuza maji, mara nyingi hupati hata milimita moja. Huku kwetu wakati wa masika ni makumi ya milimita. Kwa darubini za mawimbi ya chini ya milimita tofauti hiyo ndiyo kila kitu, na ndiyo maana darubini ya mita 10 ya Ncha ya Kusini, inayofanya kazi tangu 2007, ilijengwa pale.

Halafu kuna upepo. Hewa baridi huteremka kutoka vileleni mwa barafu kwenda pwani ikizidi kasi njiani. Juu ya kilele penyewe upepo ndio kwanza unaanza, na Dome C wastani wake ni kama mita 3 kwa sekunde.

Usiku wa miezi sita ni giza la miezi sita?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Giza kamili huanza jua likishuka nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Ncha ya Kusini jua haliwezi kushuka zaidi ya nyuzi 23.4, kwa hiyo hukaa chini ya nyuzi 18 kwa takriban miezi miwili na nusu tu, kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Miezi mingine ya "usiku" huo ni utusiutusi.

Dome C iko nyuzi 75 kusini, hivyo bado ina mchana na usiku wa aina yake. Katikati ya Juni, saa sita mchana ya huko, jua liko nyuzi 8.5 tu chini ya upeo. Anga la kaskazini linakuwa na weupe unaoonekana kwa macho. Kila saa 24 hupoteza saa kadhaa za giza hata katika kilele cha majira ya baridi.

Huku kwetu jua huzama karibu wima. Kigoma, Julai, linazama kama saa moja jioni, na saa mbili na robo giza limekamilika. Tabora ni dakika kumi na kitu mapema zaidi. Kwa hesabu ya saa za giza kamili kwa mwaka, Tabora inaishinda Dome C. Ila giza letu hukatwa kila asubuhi, na anayefuatilia nyota moja kwa siku kumi mfululizo hawezi kuifanya kazi hiyo hapa.

Na mwezi?

Ncha ya Kusini mwezi hukaa juu ya upeo karibu wiki mbili mfululizo, kisha hupotea wiki mbili. Ubaya ni kwamba majira ya baridi mwezi mpevu ndio unaokuwa juu, maana uko upande wa pili wa jua.

Aurora haiharibu vipimo?

Inaharibu, lakini si kila kituo kwa kiasi kimoja. Aurora, ile mianga ya rangi inayoonekana angani karibu na ncha za dunia, hutokea zaidi kwenye duara linalozunguka ncha ya sumaku ya dunia. Dome C iko ndani kabisa ya duara hilo, kwa hiyo aurora huonekana chini, karibu na upeo. Ncha ya Kusini hupata nyingi zaidi, na za utosini. Rangi yake ya kijani iko kwenye nanomita 557.7, hivyo kichujio kinachozuia mstari huo huokoa picha nyingi. Mstari huohuo hutoka pia kwenye mng'ao wa kawaida wa anga, ulio kwenye kimo cha kilomita 95 hivi, ambao tunao hata Tabora. Hakuna anga lisilong'aa kabisa.

Utulivu wa hewa unapimwaje?

Kwa upana wa taswira ya nyota, katika sekunde za tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi). Namba ikiwa ndogo, hewa ni tulivu. Vituo vikubwa vya Chile na Hawaii viko kati ya 0.6 na 0.8. Chanzo cha mtikisiko ni vipande vya hewa vyenye joto tofauti vinavyopita mbele ya darubini. Upana wa kipande kilichotulia ukiwa sentimita 10, taswira inakuwa na upana wa kama sekunde 1 ya tao kwa mwanga wa kijani. Kipande kikiwa sentimita 20, inakuwa nusu yake.

Kifaa cha kawaida cha kazi hii ni DIMM. Mbele ya darubini ya sentimita 25 au 30 unaweka kifuniko chenye matundu mawili ya sentimita 6 hivi, yaliyoachana kama sentimita 20. Tundu moja lina mche mwembamba wa kioo unaopindisha mwanga kidogo, ili kamera ione nyota moja kama nukta mbili. Unapiga picha mamia kwa dakika, na unachopima ni umbali kati ya nukta hizo mbili unavyobadilika. Upepo ukitikisa stendi, au mota ikikwama kidogo, nukta zote mbili huhama pamoja na umbali haubadiliki. Hapo ndipo ujanja wake ulipo.

Makosa yanayorudiwa:

- Picha ndefu mno. Ukizidi milisekunde 10, mtikisiko unajisawazisha ndani ya picha yenyewe na hewa inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Piga kwa zamu milisekunde 5 na 10; namba zikitofautiana sana, upepo wa juu ni mkali na hata ile ya 5 inahitaji masahihisho.
- Nyota iliyo chini. Namba inayoripotiwa ni ya utosini. Zidisha kipimo chako kwa saini (sin) ya kimo cha nyota, yaani pembe yake juu ya upeo, iliyopandishwa kwa kipeo 0.6. Kwa nyota iliyo kwenye nyuzi 45, ni kuzidisha kwa 0.81. Anayesahau hatua hii analisingizia anga lake.
- Darubini iliyotoka chumbani na bado ina joto. Subiri saa nzima, mbili kama ni kubwa.

Angalizo kwa wanaonunua vifaa vilivyotengenezwa tayari: baadhi ya vipima-utulivu hukaa vimeelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini usiku kucha bila mota. Huku kwetu, nyuzi 5 kusini ya ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo, na ncha ya anga ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo. Kifaa cha aina hiyo hakitufai kwa upande wowote. Dome C walitumia Suheli (Canopus), ambayo huko haizami: hupanda hadi nyuzi 68 na haishuki chini ya 37. Inang'aa vya kutosha kupimwa hata mchana.

Nimesoma kwamba utulivu wa Dome C ni 0.27, kwingine nikasoma karibu 2. Nani mkweli?

Wote, ila walipima kwenye vimo tofauti. Namba ya 0.27, iliyochapishwa 2004, ni ya hewa iliyo zaidi ya mita 30 juu ya barafu. Robo ya muda ilishuka chini ya 0.15. Namba ya karibu 2 ni ya mtu aliyeweka darubini karibu na barafu majira ya baridi.

Sababu ni hii. Barafu hutoa joto lake kwenda angani usiku kucha na kuipoza hewa iliyoigusa. Hewa ya chini kabisa inakuwa baridi kuliko ile ya juu yake, tofauti ikifika nyuzi 20 na zaidi ndani ya makumi ya mita. Upepo mdogo ukichanganya tabaka hizo mbili, mtikisiko wote wa anga unajikusanya hapo chini. Juu yake hewa imetulia kuliko popote pengine. Kiangazi cha huko, alasiri, jua linapokuwa limepasha barafu vya kutosha, tofauti hiyo hupotea kwa muda na hata darubini iliyo karibu na ardhi hupata hewa nzuri: kipimo cha kati cha kiangazi kilikuwa 0.54, na alasiri bora zaidi ya hapo.

Kwa hiyo swali la maana kuhusu kituo cha ncha ni "tabaka baya lina unene gani?" Ncha ya Kusini ni zaidi ya mita 200, huwezi kujenga mnara wa kulivuka. Dome C ni kama mita 30, inawezekana kwa gharama. Dome A kipimo cha kati ni mita 13.9. Vipimo vya 2019 vilivyofanywa kutoka mnara wa mita 8 tu, vikachapishwa 2020, vilitoa 0.31 kwa kipimo cha kati na 0.13 kwa nyakati bora kabisa.

Jambo hilo linatuhusu vipi Kigoma?

Linatuhusu, kwa kiwango kidogo. Usiku wa kiangazi hewa baridi huteremka kutoka vilimani na kujaa mabondeni kabla ya kumwagikia ziwani, juu ya maji yenye nyuzi 24 na zaidi. Ukiweka darubini bondeni au ufukweni unaiweka hasa kwenye mchanganyiko huo. Panda kwenye mgongo wa kilima penye majani mafupi. Epuka bati na zege, vinavyotoa joto la mchana hadi saa nne au tano usiku. Hata mita mbili tatu za kuinuka juu ya ardhi husaidia.

Sina DIMM. Naweza kujua utulivu kwa darubini ndogo?

Ndiyo, kwa nyota pacha. Acrux, ile ang'avu kuliko zote kwenye Msalaba wa Kusini, ni nyota mbili zilizoachana kwa sekunde 4 za tao. Darubini ya milimita 80 kwa kukuza mara 100 ikishindwa kuzitenganisha, hewa ni mbaya au lenzi zako hazijapangwa sawa. Kumbuka Acrux haipandi zaidi ya nyuzi 32 hapa, hivyo unaitazama kupitia hewa karibu mara mbili ya ile ya utosini. Antares, kwenye Ng'e, ni mtihani mgumu zaidi: mwenzake hafifu yuko chini ya sekunde 3 na humezwa na mng'ao wake. Ukimwona waziwazi kwa darubini ya milimita 150, andika usiku huo kuwa mzuri sana.

Kumetameta kwa nyota kwa macho matupu si kipimo cha kutegemea. Kunaonyesha zaidi hewa ya juu kabisa, huku kinachoharibu picha mara nyingi kiko mita chache juu ya kichwa chako.

Nina SQM. Nipime giza namna gani?

SQM, kifaa kidogo cha mkononi cha kupima giza la anga, husoma magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) kwa sekunde mraba ya tao. Namba kubwa ni giza zaidi. Anga la asili lisilo na taa liko kati ya 21.6 na 22.0. Tofauti ya 0.3 si ndogo: 21.5 ina mwanga zaidi ya 21.8 kwa karibu theluthi moja.

1. Chagua usiku ambao mwezi uko chini ya upeo, na subiri giza kamili. Saa tatu kasorobo ni salama kwa Kigoma na Tabora mwaka mzima.
2. Toa kifaa mfukoni dakika 10 kabla, kipoe kwa hewa ya nje.
3. Simama mbali na miti na kuta. SQM ya kawaida huona eneo pana, kama nyuzi 80. SQM-L yenye lenzi huona nyuzi 20 hivi. Ukiwa na uchaguzi, chukua yenye lenzi.
4. Elekeza utosini, mkono juu ya kichwa ili mwili usizibe anga. Kwenye giza kali namba huchelewa kutoka, usikisogeze kifaa.
5. Tupa usomaji wa kwanza. Chukua mitano inayofuata, ukigeuka robo mzunguko kila mara, na uandike yote mitano. Ikitofautiana kwa zaidi ya 0.1, kuna taa, tawi au wingu.

Kifaa chenyewe kina uwezekano wa kukosea kwa 0.1, kwa hiyo kubishana kama Sikonge ni 21.74 na Kaliua ni 21.78 ni kupoteza usiku.

Nimepata 22.3. Tumeshinda?

Karibu hakika hapana. Kwenye eneo lisilo na umeme, wingu linaziba nyota bila kurudisha mwanga wowote wa mji, na kifaa kinasoma giza zaidi. Umande au vumbi kwenye lenzi hufanya hivyohivyo, pia tawi la mwembe juu yako. Mjini wingu hufanya kinyume: linarudisha taa chini na namba inashuka. Ndiyo maana usomaji usioambatana na hali ya mawingu hauna thamani. Chochote kinachozidi 22.0, futa lenzi, tazama juu, pima tena.

Kwa nini namba yangu hushuka usiku wa manane mwezi Agosti, na hakuna taa yoyote?

Ni Njia Nyeupe. Mwanzoni mwa Agosti, karibu saa tano usiku, wingu la nyota la kundi la Ngao (Scutum) hupita utosini kwetu hasa, na sehemu ang'avu kabisa ya Njia Nyeupe iko pembeni kidogo, upande wa kusini. Namba inaweza kushuka kwa 0.3 au zaidi. Anga halijaharibika. Ukitaka vipimo vya kulinganisha mwaka hadi mwaka, pima Juni au mwanzo wa Julai mara giza linapokamilika, wakati utosini kuna Mashuke (Virgo), mbali na Njia Nyeupe.

Taa za wavuvi wa dagaa zinaathiri kiasi gani?

Hili ni la Kigoma peke yake. Wavuvi hutoka usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo usiku unaoutaka wewe ndio wanaoutaka wao. Karabai zilikuwa na mwanga wa manjano. Taa za LED za sola zina mwanga mweupe wenye bluu nyingi, unaotawanyika hewani zaidi. Kwa usomaji wa utosini kwa SQM-L ukiwa kilimani, athari ni ndogo. Kwa picha ya anga zima, upande wa magharibi hadi nyuzi 10 au 15 juu ya upeo hauaminiki, na macho yako hayatazoea giza ukiwa unatazama ziwani. Simama nyuma ya mgongo wa kilima.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi cha kufungwa kwa ziwa ni nafasi adimu ya kupima anga la Kigoma bila taa hizo, na kuangukia kwake kiangazi ni bahati. Pima kabla, wakati na baada, mahali palepale.

Tabora hatuna ziwa. Tatizo letu ni nini?

Moshi. Kuanzia Julai hadi Oktoba miombo na mashamba huchomwa, na Agosti na Septemba anga linaweza kukosa wingu hata moja na bado likala nyota zote za chini. Mawingu ya Magellan (galaksi mbili ndogo zinazoonekana kama vipande vya ukungu), ambayo hapa hayapandi zaidi ya nyuzi 25 hivi, ndiyo kipimo rahisi: kubwa lake likipanda na usilione mahali pasipo na taa, uwazi ni mbaya. Jioni jua likizama jekundu kama kaa, nawe ukaweza kulitazama likiwa bado juu, acha vipimo vya uwazi usiku huo. Mwezi mzuri kuliko yote ni Juni: mvua zimeisha na moto bado.

Sina kifaa chochote.

Kaa gizani nusu saa bila simu. Kisha tafuta, kwa mpangilio wa ugumu: Omega Centauri kama nyota yenye ukungu; mwanga wa zodiaki, mnara mweupe unaosimama magharibi baada ya giza; na Oktoba au Novemba galaksi ya M33, yenye magnitudo 5.7. Ukiona M33 kwa macho matupu bila kukisia, anga lako ni la madaraja bora ya kipimo cha Bortle cha giza la anga, ambacho kina madaraja tisa.

Nikipelekewa kifaa changu Dome C, nini kitaharibika kwanza?

Kioo cha maandishi huganda, waya za plastiki ya kawaida hupasuka ukizikunja, grisi hugeuka kama nta na mota hukwama. Betri hupoteza nguvu. Kisha vipimo vya metali: kutoka nyuzi 20 juu ya sifuri hadi 60 chini yake, fimbo ya aluminiamu ya mita moja hupungua milimita 1.8, ya chuma cha pua hupungua kama milimita 1.4, na ya chuma cha kawaida kama milimita 1. Beringi ya chuma ndani ya kikombe cha aluminiamu hubanwa hadi isizunguke.

Ila kinachosumbua zaidi ni barafu nyembamba inayoganda kwenye vioo, maana hewa ile kavu haiwezi kushika hata mvuke mdogo ilionao. Ukipasha kioo, joto lenyewe linatikisa hewa mbele ya darubini na kuharibu kile ulichokuja kupima. Wanapasha kidogo sana, kwa tabaka jembamba linalopitisha umeme juu ya dirisha la kioo, kisha wanapuliza hewa. Na kuanzia Februari hadi Novemba hakuna ndege, hivyo skrubu iliyosahaulika ni skrubu ya mwaka ujao.

Niandike nini kwenye daftari?

Tarehe na saa, mahali kwa GPS, usomaji wote bila kuchagua, mawingu kwa sehemu za nane, moshi au vumbi, umande, joto, upepo, namba ya kifaa, na taa zilizoonekana na upande wake. Usiku wenye mawingu pia uuandike, kwa sababu jambo la nne, saa safi kwa mwaka, halihesabiki kwa daftari lenye usiku mzuri tu.